Kisanduku cha nyuzi chenye vitufe kama taipureta

SWALI: Asalaam aleikum. Katika vitu vya marehemu babu tumekuta kisanduku chembamba cha mbao, kirefu kama mkono. Juu kina safu mbili za vitufe vya duara vyenye nambari, mfano wa taipureta. Chini yake zapita nyuzi nne, zote zina kutu na mmoja umekatika. Vitufe vingine vikibonyezwa havirudi. Jirani anasema tununue seti ya nyuzi za gita tufunge basi. Ni chombo gani, na kitalia tena?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Wa aleikum salaam. Hiyo ni taishokoto, nayo inaweza kulia. Seti nzima ya gita msiifunge, sababu tutaieleza.

Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, mwaka wa kwanza wa enzi ya Taisho, ndiyo asili ya jina. Koto ni kinanda cha nyuzi cha jadi cha huko. India ilipokewa ikaitwa bulbul tarang au banjo, na hapo Mombasa ikapata kiti katika taarabu. Za Kihindi aghalabu zina nyuzi za pembeni zisizoguswa na vitufe, za kuvumisha tu. Yenu haina, kwa hiyo tafuteni maandishi ya Kijapani mgongoni.

Kabla ya yote pigeni picha kila upande. Legezeni nyuzi kidogo kidogo, zote kwa zamu, kisha fungueni skrubu za fremu ya vitufe. Vitufe vitoeni kimoja kimoja na kuvipanga kwa mfuatano wake, maana havibadilishani nafasi. Kisichorudi huwa springi yake imechoka au njia yake imejaa vumbi lililogandana na mafuta. Futeni kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, halafu pakeni unga wa risasi ya penseli. Mafuta ya cherehani hapana: leo kitufe kitateleza, baada ya miezi kitanata zaidi. Mbao ikiwa imebunguliwa au ubao wa uso umeachana na ubavu, gundisheni na kubana siku nzima kabla ya kufunga uzi wowote.

Sasa nyuzi. Kwa kawaida tatu hulinganishwa sauti moja, noti ya G yenye mitetemo 392 kwa sekunde, na wa nne oktavo moja chini, yaani nusu ya mitetemo hiyo. Uzi wa chuma wa milimita 0.25, wenye sentimita 45 kati ya ncha zake, hufika hapo kwa mvuto wa kilo 5 hivi. Wa milimita 0.35 hudai karibu kilo 10, na kisanduku chembamba hupinda; ndiyo sababu ya kukataa seti nzima. Basi nunueni uzi namba moja wa gita, ule mwembamba kabisa wa milimita 0.25, mara tatu, na mmoja wa milimita 0.5 uliozungushiwa waya. Kateni kishanga kilicho kwenye ncha ya uzi wa gita, mpinde kitanzi. Urefu ukizidi sentimita 55, shusheni sauti zote hadi F au E.

Kazeni nyuzi polepole kwa siku tatu. Ikiwa sauti ya uzi usiobonyezwa ni sawa lakini kila kitufe kinatoa noti iliyopanda, tazameni kama daraja, yaani kile kijiti kinachoinua nyuzi, limeteleza kuelekea vitufe. Lirudisheni nyuma milimita moja moja. Mkiona tundu la waya ubavuni, msilizibe: huenda babu aliipigia kwenye spika.