Maswali yenu: Daktari wa familia, nikae ama niende Uingereza?

SWALI: Habari Daktari. Nilisomea udaktari wa familia miaka minne juu ya digrii ya kwanza, kaunti ikanipeleka hospitali ya level 4, yaani ya kaunti ndogo, huku magharibi mwa Kenya. Nilidhani nitakuwa na wagonjwa wangu niwajue na nyumba zao, lakini leo niko wodi ya watoto, kesho teatha nafanya sizeria, kesho kutwa niko kwa mitingi ya bajeti manake wanasema nafaa usimamizi. Promosheni imekwama, mshahara hauna tarehe. Wenzangu wameenda Uingereza na mume wangu anasema tujaribu pia. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana dada yangu. Nimesoma barua yako yote na sijaona mahali umelalamikia mgonjwa hata mmoja, yaani kazi bado unaipenda ila hawakupi nafasi ya kuifanya, na hiyo inaniuma kuliko hata habari ya mshahara.

Kozi yenu ilianza Moi University kule Eldoret 2005 na bado wakubwa wengi hawajui daktari wa familia ni wa nini, wakimpata wanamtumia kuziba kila pengo. Lakini saa hii una kitu waliokutangulia hawakuwa nacho, ile Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 inayotaka mitandao ya afya ya msingi, hospitali kama yako iwe kitovu alafu dispensari na vituo vya afya viizunguke, pamoja na wahamasishaji wa afya wa vijijini. Hapo kitovuni ndo mahali pako kabisa. Andika barua rasmi kwa mkurugenzi wa afya wa kaunti, omba siku mbili kwa wiki zisizoguswa na mtu, kliniki yako mwenyewe ya presha na sukari, wagonjwa walewale warudi kwako wewe, na siku moja ya kuzungukia dispensari. Usiandike umechoka, andika kaunti itapata nini. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2022 ulionyesha waliokuwa na daktari mmoja zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mdogo wa kulazwa kwa dharura kwa karibu asilimia 30, na wa kufariki kwa karibu asilimia 25, ukilinganisha na wale wa mwaka mmoja tu. Hesabu kama hiyo mtu wa bajeti anaielewa.

Kuhusu Uingereza, ukweli ni kwamba hutaingia moja kwa moja kama daktari wa familia, lazima usajiliwe kwanza alafu upitie mafunzo yao ya miaka mitatu ama uthibitishe kwa makaratasi mengi kwamba uzoefu wako unalingana na wao. Na huko nako wanalia, miadi ya kawaida ni dakika 10, chama chao cha madaktari kinasema wagonjwa 25 kwa siku ndo kikomo salama na wengi wanapita hapo. Malipo ni mazuri, hilo sikatai, lakini ukienda kutafuta muda wa kukaa na mgonjwa unaweza usiupate.

Na sikuambii uvumilie njaa kwa sababu ya wito. Madaktari waligoma siku 56 mwaka 2024, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa makubaliano ya 2017 ya mishahara na masharti ya kazi ambayo yalikuwa hayajatimizwa. Tangu afya iende kaunti 2013 mwajiri wako ni kaunti, kwa hivyo hiyo promosheni idai kwa maandishi, nakala moja ipeleke kwa mwakilishi wa KMPDU, chama cha kutetea madaktari, wa eneo lako, na tafuta madaktari wa familia wa kaunti jirani muwe mnaongea kila mwezi manake ukiwa peke yako hospitalini unaisha haraka.

Jipe miezi sita. Wakikupa hizo siku, kaa uone. Wakikataa ama wanyamaze, anza makaratasi na usijilaumu hata kidogo, aliyekupoteza ni kaunti.