Kufungua mdomo wodini: maswali yenu

Inboksi imejaa tangu vyuo vipeleke wanafunzi fildi, yaani mazoezi ya hospitalini, nimechagua machache, mengine yanafanana mno.

Shikamoo sista. Niko mwaka wa pili uuguzi, wodi ya watoto. Chati inasema gentamaisini mg 40, sista wa zamu akavuta ampuli nzima, yaani 80. Niliona nikanyamaza. Mimi ni mwoga?

Marahaba mdogo wangu. Mwoga sikuiti, ila kwanza hilo halijapita, kamwambie inchaji, yaani nesi msimamizi wa wodi, leo leo mtoto aangaliwe maana hiyo dawa ikizidi inagusa figo na masikio. Siku nyingine anza na swali tu, "sista samahani, hapa kwenye chati mimi nimesoma 40, nimeona sawa?" Mara nyingi mtu anashtuka mwenyewe anarudisha mkono. Akikupotezea, sema wazi: "sista nina wasiwasi na hii dozi, naomba tuhakiki kabla hujachoma." Akikataa tena mfuate inchaji au daktari wa zamu hapo hapo, usisubiri ripoti ya asubuhi.

Na usidhani wazoefu hawanyamazi. Uingereza mwaka 2005 mama mmoja, Elaine Bromiley, alienda kufanyiwa operesheni ndogo ya pua, wakamlaza usingizi, njia ya hewa ikagoma kabisa. Nesi mmoja akaleta seti ya kutoboa koo akawaambia madaktari iko tayari, hakuna aliyeigusa. Mwingine akapiga simu kuomba kitanda ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), akatazamwa kama anakuza mambo, akaghairi kitanda. Madaktari wazoefu wako palepale wanahangaika kuingiza mpira wa hewa kooni. Mama alifariki siku 13 baadaye. Hao manesi walijua kabisa kinachotakiwa, kilichowashinda ni kuwaambia wakubwa waache wanachofanya. Mume wake ni rubani, na marubani wanafundishwa msaidizi kumwambia kapteni anapokosea, ndo maana akaanzisha kampeni mpaka leo hospitali zinajifunza kwenye kisa hicho.

Nimelelewa kwamba mkubwa hajibiwi. Nikimwuliza dokta si nitaonekana mjeuri?

Malezi yana nguvu kuliko darasa lolote, hasa kwa mabinti, maana wengine tangu wadogo wameambiwa mtoto wa kike hapazi sauti. Ila adabu si lazima uitupe. Mwamkie, mwite dokta, simama vizuri, halafu sema ulichokiona bila kukipunguza: "Dokta shikamoo, mgonjwa wa kitanda cha sita presha imeshuka 80 chini ya 50 tangu saa kumi, naomba uje umuone sasa." Ujeuri uko wapi hapo? Anayeharibu ni yule anayezunguka "aah dokta, nilikuwa tu nataka kusema labda..." mpaka dokta kashaondoka.

Raundi, ile ya madaktari kupitia wagonjwa kitanda kwa kitanda, inaendeshwa Kiingereza, najua jibu lakini naganda.

Hili linawaumiza wengi na walimu wanajifanya hawalioni, wanaandika "hajiamini" kwenye fomu wakati mtoto kakosa lugha tu. Jioni andaa sentensi tatu za mgonjwa wako: nani, ana nini, nini kimebadilika. Zitamke kwa sauti hostel, wenzio wacheke mpaka wachoke. Na mgonjwa akiwa hatarini sema Kiswahili, hakuna mtahini hapo.

Kuna kipimo cha huku kujiamini kusema au mtu anazaliwa nacho?

Kipo cha mwanasaikolojia Rathus cha 1973, maswali 30, alama kuanzia -90 mpaka +90. Kakitunga Mmarekani, kwa hiyo maswali kama yale ya kurudisha bidhaa dukani usiyachukulie kama msahafu. Huzaliwi nacho. Ukifanyishwa mazoezi ya kuigiza darasani unapanda, ukipata msimamizi wa kukudhalilisha mbele ya wagonjwa unashuka.

Mimi ni inchaji. Wanafunzi wa siku hizi wanatujibu hovyo mbele ya wagonjwa, ndo kujiamini huko?

Hapana dada, anayekufokea mbele ya mgonjwa kakosea, mvute pembeni umwambie. Ila na sisi tujiangalie, anayesaini logibuku, daftari la kazi alizofanya mwanafunzi, ni wewe, na mwanafunzi anajua ukinuna hiyo saini ataisotea. Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO (Shirika la Afya Duniani), ambayo Ifakara ilikuwa miongoni mwa miji 8 iliyoijaribu kabla matokeo hayajatoka 2009, inataka kila mtu chumbani ajitaje jina na kazi yake kabla ya kuchana. Mtu akishatoa sauti mara moja, ya pili haimshindi. Kwenye ripoti ya asubuhi waulize wanafunzi kwanza wameona nini usiku, wakubwa wafuate.

Natumwa vitumbua kila siku saa nne, raundi inanipita. Nisemeje?

"Sista naenda raundi ikiisha, kuna kesi ya leo sijawahi kuiona." Halafu uende kweli, maana na vitumbua navyo watu wanavisubiri.