Mume anasoma digrii, mke analisha nyumba: je, anaweza kumdai?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mimi ni muuguzi, naishi Tanga na watoto wetu wawili. Mume wangu aliacha kibarua akaenda kusoma digrii Dodoma, sasa yuko mwaka wa tatu na wa mwisho. Kodi, chakula, ada za watoto, mpaka nauli yake ya kuja likizo, vyote vinatoka kwenye mshahara wangu. Boom, yaani ile fedha ya mkopo wa kujikimu chuoni, likitoka anamtumia mama yake, linalobaki analimalizia hukohuko. Nikiuliza, ananiambia mali ya mke na mume ni moja, na kwamba akimaliza chuo atanirudishia. Je, hii ni haki? Naweza kumwandikia deni?

JIBU: Waalaykumussalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mali ya mke na mume si moja, dada yangu. Mshahara wako ni wako kama mahari yako yalivyo yako, na mume hana ruhusa ya kuugusa ila kwa radhi yako. Wala kusoma hakumwondolei mwanamume nafaka, yaani wajibu wa kumtunza mke na watoto. Kunachoweza kufanya ni kumpunguzia kiwango, kwani Mwenyezi Mungu amesema katika Suratut-Talaq, aya ya 7, kwamba mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na mwenye dhiki atoe katika hicho alichopewa. Katika madhehebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata wengi wetu huku pwani, mume mwenye dhiki anawajibika kumpa mkewe kila siku kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji, yaani robo ya ile pishi ya zakatul-fitri, pamoja na kitoweo, mavazi na makazi. Asipotoa, inabaki deni shingoni mwake hata kama hukumfikisha kwa kadhi.

Kwenye hesabu ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nisome taratibu. Nafaka yako mwenyewe ambayo haikuja unamdai, madhali hukumsamehe. Lakini unamdai kiwango cha mume mwenye dhiki, si kila ulichokula. Nafaka ya watoto ni mlango mwingine: siku zikishapita haiwi deni, isipokuwa kama ulitumia kwa idhini ya baba yao ili urudishiwe, au kwa amri ya kadhi. Hapo ile kauli yake ya "nitakurudishia" ina uzito kuliko unavyodhani. Ulichotumia baada ya yeye kuitamka ni mkopo. Ulichowatolea watoto na yeye kabla ya hapo kimyakimya, nauli zikiwemo, ni hiba, yaani zawadi, na hiba haigeuzwi deni siku mkigombana.

Boom nalo. Ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, na akishalipokea ni mali yake. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Si nyingi, Dodoma chumba kina bei yake, lakini mwenye kuipokea hawezi kusema hana kitu kabisa. Mtume (s.a.w.) ameweka mpangilio katika hadithi ya sahaba Jabir aliyoipokea Imam Muslim: mtu aanze na nafsi yake, kikizidi kiende kwa watu wa nyumba yake, kikizidi tena kiende kwa jamaa zake. Wanazuoni wetu wamemtanguliza mke na mtoto mdogo kabla ya mama. Kumtumia mama ni wema mkubwa, ila usilipwe kwa sahani ya watoto. Mwambie hivyo kwa upole, na jina la mama mkwe usilipandishie sauti.

Ukiamua kutoa bila kudai, una fungu lako. Zaynab, mke wa sahaba Ibn Mas'ud, aliuliza kama sadaka yake kwa mumewe inatosha, akajibiwa kuwa ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Lakini hiyo ni hiari yako, hakuna wa kukulazimisha kwa jina la dini.

Basi akija likizo hii kaeni, kabla hajavaa joho. Chukueni daftari, mwandike kama ilivyoamrishwa katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara: kipi ni zawadi, kipi ni deni, kiasi gani, na mashahidi. Usiongeze hata shilingi mia juu ya ulichotoa, hiyo itakuwa riba. Na kwa haki ya Mungu msizibe pengo la mwezi kwa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Punguzeni matumizi, au akopeshwe na ndugu bila nyongeza.

Mkipanga awamu za kukulipa, kumbukeni kuwa akiajiriwa Bodi itakata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kabla hajaushika. Na akikaa nyumbani bila ajira, kama tunavyowaona vijana wengi sasa, aya ya 280 ya sura hiyohiyo inampa muhula mpaka apate wepesi, na deni lako linabaki palepale.

Wallahu aalam.