Kalavati lililooza: usirudishe kipimo kile kile

Mkuu, umeuliza kama kalavati lako, yaani bomba la bati la milimita 600 linalopitisha maji chini ya barabara, lililooza kwa chini, libadilishwe na la zege la kipimo hicho hicho. Mimi nakataa. Kama kila masika maji yanapita juu ya barabara, bomba ni dogo. Eneo la uwazi wa bomba la milimita 1200 ni mara nne ya hilo, si mara mbili. Kitako chake kizame kidogo chini ya sakafu ya kijito, maji yasichimbe shimo yanapotokea na samaki wapite.

Udongo ushindiliwe tabaka kwa tabaka, pande zote mbili sambamba. Tafadhali simamia hapo mwenyewe. Mafundi wengi huharakisha, kisha barabara inatitia. Mdomoni mwa bomba panga mawe makubwa. Fanya kiangazi, na kama barabara ni ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini Tanzania), waone kwanza.