Kabla ya Kununua Mkono Mpya wa Dirisha, Fungua Kwanza Ule wa Zamani

Nyumba tunayoishi iko Kirumba, upande unaolitazama ziwa, na madirisha yake ni yale ya chuma ya zamani, yenye vioo vilivyoshikwa kwa puti na mabawa mawili yanayofunguka kwa nje. Aliyekaa Mwanza anajua kwamba mvua zetu nyingi hupenda kuja usiku wa manane au karibu na alfajiri, zikitanguliwa na upepo usiobisha hodi. Usiku mmoja wa Novemba niliamka kufunga dirisha la sebuleni, nikauvuta mkono wake kwa nguvu kama nilivyozoea, nao ukakatika. Kipande kimoja kilibaki kwenye bawa, kingine nikabaki nacho kiganjani. Tulilifunga dirisha kwa kamba ya manila kwenye nondo, tukarudi kulala, na asubuhi tukakuta kioo kimoja kimepata ufa kwa kugongwagongwa.

Kwa asiyelijua dirisha la aina hii, mkono ni kile kishikio unachokizungusha ili ulimi wake uingie nyuma ya kibati kilichopo kwenye fremu na kulivuta bawa likae sawasawa. Wapo wanaouita komeo, wapo wanaouita kitasa cha dirisha, na muuzaji akikuletea kitu kingine, mwonyeshe dirisha la duka lake. Mkono umeshikwa na pini kwenye bamba dogo, na bamba hilo limefungwa kwenye chuma cha bawa kwa skrubu mbili, au katika baadhi ya nyumba za zamani limechomelewa moja kwa moja. Chini ya dirisha kuna stei, ule ufito wenye matundu unaolizuia bawa likiwa wazi.

Nilifanya kosa ambalo nadhani wengi hulifanya. Kwa kuwa mikono mingine mitano nayo ilikuwa imelegea, nilikwenda mjini siku hiyo hiyo, nikachagua kwa macho mikono sita iliyong'aa vizuri, nikalipa na kurudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Nilipoanza kufunga ndipo nilipogundua kwamba yote sita ilikuwa ya upande mmoja. Dirisha la mabawa mawili lina bawa la kulia na bawa la kushoto, na ulimi wa kila mkono huelekea upande wake. Ukiugeuza mkono wa kulia uufunge kushoto, utajikuta unafungua kwa kuelekeza kishikio juu, kwenye dari. Si hilo tu. Mikono mipya ilikuwa mirefu na iliyobinuka zaidi kuelekea ndani, na sisi, kama nyumba nyingi za mjini, tuna nondo na wavu wa mbu upande wa ndani, hivyo kila nilipojaribu kuuzungusha ulikwama kwenye nondo kabla haujafika nusu ya safari yake. Dukani waliniambia kwa upole kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Baada ya siku mbili nilimwendea fundi mmoja mzee wa kuchomelea upande wa Nyakato.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mkono wenyewe uliokatika uko wapi?"

Nilimwambia nimeuacha nyumbani.

"Basi leo umekuja na maneno matupu. Rudi na chuma."

Nilirudi na chuma. Aliugeuza ule mkono, akanionyesha mahali ulipokatikia: uso wa mpasuko ulikuwa wa kijivu, wenye chembechembe kama sukari iliyogandamana. Alisema hiyo ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ya kung'aa, na kwamba chuma cha aina hiyo hakipindi kikizidiwa, bali hukatika ghafla. Kisha akatoa mkono wa shaba uliokuwa kwenye droo yake, akaukwaruza kidogo kwa tupa upande wa nyuma, na chini ya ung'avu ikaonekana rangi ya manjano. Tangu siku hiyo huwa namwomba muuzaji ruhusa ya kukwaruza mahali pasipoonekana. Pakitokea manjano, ni shaba. Pakitokea weupe wa kijivu, ni zinki. Sumaku haitakusaidia hapa, kwa sababu hainasi kwenye shaba wala kwenye zinki, ingawa itakuambia upesi kama unauziwa chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Uzito nao husema: mkono wa shaba ni mzito zaidi kuliko wa zinki wenye umbo lile lile.

Hata hivyo, ushauri wake uliokuwa na thamani kuliko yote haukuhusu ununuzi. Aliniuliza kama bawa lenyewe linafunguka kwa urahisi, na nilipojibu kwamba huwa tunalivuta kwa nguvu, alicheka akasema mkono wangu haukufa kwa uzee, umeuawa. Alinielekeza nitoe mikono yote, nilisukume kila bawa kwa kidole kimoja, na bawa lolote litakalokataa kidole lisifungwe mkono mpya mpaka litakapokubali.

Nilifanya hivyo, na kati ya mabawa sita, manne yalikataa. Bawaba zilikuwa na kutu ndani ya pini, na kingo za mabawa zilikuwa zimejaa tabaka za rangi, moja juu ya nyingine, kila mpangaji au mwenye nyumba akiwa ameongeza ya kwake bila kukwangua ya mtangulizi wake. Unene huo wa rangi ulilifanya bawa lisikae kwenye fremu, na kwa miaka mingi sisi tulikuwa tukiutumia mkono kama wenzo wa kulilazimisha. Maji yetu ya ziwa si ya chumvi, na vyuma vyetu havilikwi kwa kasi ya vile vya nyumba za pwani ya Dar es Salaam, lakini unyevu upo na mvua ya upepo hupenya kila upenyo, kwa hiyo bawaba isiyotiwa mafuta itashika kutu tu, hata kama itachukua muda mrefu zaidi.

Kazi yenyewe ilinichukua wikendi mbili. Kwanza nilitia mafuta mepesi ya kupenya kwenye bawaba na kwenye skrubu zote jioni, nikayaacha yalale humo usiku kucha. Asubuhi nilisogeza kila bawa mbele na nyuma taratibu, nikaongeza mafuta, nikafuta uchafu mwekundu uliotoka, na kurudia mpaka kidole kimoja kikatosha. Rangi ya kwenye kingo niliikwangua kwa msasa uliolowa maji, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Watoto niliwapeleka kwa jirani siku hiyo, na sakafu niliifuta kwa kitambaa kibichi badala ya kuifagia. Usijaribu kuunguza rangi hiyo kwa moto, kwani mbali na moshi wake, joto hupasua kioo na kulainisha puti.

Skrubu zilizoshika kutu ndizo zinazowakatisha watu tamaa, nami nitakaa hapo kidogo. Tafuta bisibisi ambayo mdomo wake unajaza ufa wa skrubu kwa upana wote, kwa sababu ile nyembamba itaula ufa na kukuachia kichwa cha mviringo. Iweke wima, igonge kwa nyundo mara tatu au nne, kwa kuwa mshtuko huo huvunja mshiko wa kutu, halafu jaribu kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Nijuavyo mimi, skrubu inayokubali kusogea hata unywele mmoja upande wa kukaza, itakubali pia kurudi. Kichwa kikiwa kimekwisha kuliwa, kata ufa mpya kwa msumeno wa chuma. Ikishindikana kabisa, itobolewe kwa keekee katikati yake, kisha fundi akate uzi mpya. Kwa skrubu ya milimita 5 tundu la kukatia uzi huwa la milimita 4.2, na kwa ya milimita 6 huwa la milimita 5. Mimi nilitoboa mbili, moja nikaipindisha vibaya, na bamba lake limekaa upande mpaka leo.

Wakati mkono umetolewa, bawa lazima lifungwe kwa kamba kwenye nondo, hasa ukiwa ghorofani au dirisha likiwa juu ya njia ya watu. Bawa la chuma lenye vioo si kitu cha kuachia upepo.

Ukishautoa mkono wa zamani, ndipo uende dukani nao, ukiwa na karatasi yenye vipimo vilivyopimwa kwa rula na si kwa kukisia: umbali kutoka katikati ya tundu moja la skrubu hadi katikati ya lingine, unene wa skrubu, urefu wa ulimi, kimo cha ulimi kutoka kwenye bamba, na nafasi iliyopo kati ya bamba na nondo. Andika pia idadi ya mikono ya kulia na ya kushoto, ukisimama ndani ya chumba na kulitazama dirisha. Kimo cha ulimi ndicho kinachosahaulika sana. Kikiwa kidogo mno, ulimi utagonga ukingo wa fremu. Kikiwa kikubwa mno, ulimi utapita nyuma ya kibati bila kukibana, na dirisha litacheza kila upepo unapovuma. Tofauti ya milimita 2 tu inatosha kuleta shida hiyo. Kama tofauti ni ndogo, kipande cha bati kilichokatwa kwa umbo la bamba na kuwekwa chini yake huinua mkono kiasi unachohitaji.

Kibati cha kwenye fremu nacho kitazamwe. Ulimi ukikisugua kwa miaka, hukiachia mfereji, na mkono mpya ukifungwa bila kukirekebisha utaonekana umelegea kama ule wa zamani. Vya kwangu viwili vilijazwa kwa kuchomelewa kidogo na kusawazishwa kwa tupa, kazi ya dakika chache kwa mwenye mashine. Skrubu nilizotumia ni za stenlesi, nikazipaka grisi kabla ya kuzifunga, na nilizikaza kwa mkono, kwani drili hung'oa uzi kabla hujatambua. Rangi mpya nilipaka kabla ya kufunga mikono. Usipake rangi kwenye pini ya mkono, vinginevyo utakuwa umeanza upya safari ile ile.

Mwenye madirisha ya mbao ana kazi nyepesi zaidi, ingawa mbao huvimba wakati wa mvua, na si vyema kuiranda kwa haraka mwezi Aprili kisha kuona mwanya mwezi Julai. Tundu la skrubu likiwa limelegea, lijaze kwa vijiti vya mti na gundi, liache likauke, kisha funga tena.

Kwa madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni, ambayo ndiyo yamejaa katika nyumba mpya za Buhongwa na Nyegezi, hali inafanana kuliko mtu anavyoweza kufikiri. Jirani yangu alibadilisha kitasa cha dirisha la chumbani mara mbili katika mwaka mmoja, na kila mara ndoano yake iligoma kuingia mahali pake. Tulipolinyanyua dirisha lake tulikuta mfereji wa chini umejaa mchanga na tabaka la wale wadudu wa ziwani, wanaonyanyuka juu ya maji kama moshi na kuja kufia kwenye taa zetu. Walikuwa wamekauka na kushikana kama makapi. Vigurudumu vilikuwa vimelika kwa kusaga uchafu huo, dirisha likawa limeshuka, na ndoano ikawa inapiga chini ya tundu lake. Tulisafisha mfereji kwa mswaki wa zamani, tukabadilisha vigurudumu, tukalipandisha dirisha kidogo kwa skrubu ya kurekebishia iliyopo pembeni mwa kigurudumu, na kile kitasa cha pili, ambacho alikuwa tayari kukitupa, kikafunga bila kelele.

Wiki mbili baada ya kufunga, kaza skrubu zote tena, kwa kuwa bamba jipya hutulia na kuacha ulegevu kidogo. Bawaba nazitia mafuta mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli, na tena mwishoni mwa Februari, kabla ya masika. Mabawa matano yamekwisha sasa. La jikoni bado lina kamba ya manila, kwa sababu bamba lake limechomelewa na fundi wangu ameahidi kuja na grenda Jumamosi, na ile mikono ya upande mmoja niliyoinunua mwanzo iko kwenye kopo la rangi chini ya ngazi.