Mkeka wa joto, balbu nyekundu na geko anayekimbilia upande wa baridi

SWALI: Habari dokta. Nina geko chui (mjusi wa kufugwa) wa kama mwaka hivi, yuko kwenye tanki la kioo la sentimita 90 kwa 45, kimo 45. Chini ya upande mmoja nimeweka mkeka wa joto, juu kuna balbu nyekundu inawaka usiku kucha. Themomita niliyobandika kwenye kioo inasoma nyuzi 29 za Selsiasi lakini jamaa analala upande wa baridi tu na kula amepunguza. Niongeze balbu ya wati kubwa zaidi? Na hii taa ya UVB, yenye mionzi kama ya jua, kweli anaihitaji wakati ni mnyama wa usiku?

JIBU: Salama kabisa. Wati usiongeze kwanza, maana geko anayeukimbia upande wa joto mara nyingi hakosi joto, limemzidi. Hiyo themomita ya kubandika inapima kioo na hewa iliyo jirani na kioo, sasa yeye tumbo lake liko sakafuni, kwa hiyo 29 yako haituambii chochote kuhusu pale anapolala. Tafuta themomita ya dijitali yenye waya, ile sensa yake ilaze juu kabisa ya sakafu upande wa joto, iache saa moja hivi halafu usome. Inatakiwa iwe 32 mpaka 34. Upande wa baridi 22 mpaka 25.

Hujaniambia kama mkeka una themostati, kile kifaa cha kukata umeme joto likifika kiwango ulichopanga, na nahisi hauna, wengi hawana. Mkeka wa hivyo sakafu yake inaweza kuvuka 40 bila shida, na balaa ni kwamba reptilia hashtuki kama sisi tukishika sufuria ya moto, anaweza kulala hapohapo mpaka ngozi ya tumbo iungue. Mnyanyue taratibu umwangalie kwa chini: tumbo lenye afya linakuwa jeupe au waridi mpauko, ukiona doa jekundu au la kahawia au malengelenge basi chomoa mkeka leo hii na umpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia. Na ukiwa umemshika tazama mkia, hapo ndipo anapoweka akiba ya mafuta, kama bado mnene usihangaike sana na hiyo kula kidogo, kama unakonda hiyo ni kesi nyingine, apimwe choo kuangalia minyoo.

Kwa hiyo hela ya kwanza itumie kwenye themostati kabla ya balbu yoyote. Kwa mkeka ile ya kawaida ya kuwasha na kuzima inatosha, ila kwa balbu ya mwanga chukua ya dima inayopunguza mwanga polepole, maana ya kuwasha na kuzima itafanya taa iwe inakonyeza siku nzima na balbu nayo haitadumu. Sensa ikae palepale anapolalia, iwe imebanwa isihame, kwa sababu akiisogeza kwenda upande wa baridi themostati itadhani tanki zima limepoa na itazidi kuchochea moto.

Mi mwenyewe ningependelea balbu ya halojeni ya mchana juu ya jiwe bapa au kigae, kwa kimo cha tanki lako wati 50 mara nyingi inatosha. Joto lake linaingia mwilini ndani zaidi kuliko la mkeka, na jiwe linabaki na uvuguvugu hata taa ikishazimwa, ambayo ndiyo hali anayoizoea kwao kwenye mawe ya Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India, anatoka jioni mawe bado yana moto wa jua. Maficho moja yawe chini ya hiyo taa, mengine upande wa baridi, na katikati weka yenye moss, ile mimea laini inayoshika maji, iwe na unyevu wa kumsaidia kujichubua ngozi.

Balbu nyekundu itoe tu. Wanasema hawaioni, si kweli, macho ya hawa yamejaa seli za kuona rangi na gizani wanaona vizuri kuliko wewe, so unamnyima usiku. Chumba kikibaki juu ya 18 usiku hahitaji joto lolote, kikishuka zaidi ya hapo weka balbu ya seramiki isiyotoa mwanga, kwenye holda ya kaure maana ya plastiki itayeyuka, na hiyo nayo iwe na themostati.

UVB sasa. Ataishi bila hiyo ukimpa unga wa vitamini D3 ipasavyo, watu wamewafuga hivyo miaka mingi. Lakini hata mnyama wa machweo huwa anachungulia nje mchana, anatoa mguu au mkia kwenye mwanga anajitengenezea D3 yake mwenyewe, ndo maana naishauri. Chukua taa ya tyubu nyembamba (huandikwa T5) iliyo dhaifu, yenye UVB asilimia 5 mpaka 7, iwe upande uleule wa joto, isipite kwenye kioo maana kioo kinazuia karibu UVB yote, na ukishaiweka punguza D3 kwenye chakula. Ibadilishe kila baada ya mwaka hivi hata kama bado inawaka, mionzi huisha kabla ya mwanga. Kama wako ni albino kuwa mwangalifu zaidi, macho yao hayavumilii mwanga mkali.

Taa zote zitie taima, saa 12 kwa siku, basi. Ukishapima sakafu pande zote mbili nitumie hizo namba na picha ya mkia nione.