Bekapu: unabeba nini na unaipeleka wapi? Maswali yenu wiki hii

Wiki hii karibu kila ujumbe ulioingia ni wa bekapu, yaani nakala za akiba za mafaili yako, na nimefurahi kweli, juu kawaida watu hunitafuta diski ikishakufa na hapo mambo ya kusaidia huwa machache. Nimechagua maswali saba, mengine yalifanana sana nikayaunganisha. Kila bekapu ina pande mbili: chanzo, yaani vitu unavyobeba, na hifadhi, yaani pale unapovipeleka. Ukishaseti zote mbili jiulize swali moja tu, ni janga gani linaweza kupita na hizo pande zote mbili kwa mpigo? Kama jibu limekuja haraka, bado kazi iko.

Mpiga picha, Ngara: Laptopu yangu ina C na D. Fundi aliyenipigia Windows alisema kazi za wateja niweke D, sasa nimeseti programu inakopi kila siku kutoka C kwenda D. Niko sawa?

Hapana kaka, na hili ndo kosa naliona kuliko mengine yote hapa Nairobi. Kliki kulia kwa kitufe cha Start, chagua Disk Management, alafu angalia sehemu ya chini ya hiyo dirisha. Utaona mstari umeandikwa Disk 0 na kando yake viboksi vimepangwa, kimoja kimeandikwa C na kingine D. Vikiwa kwenye mstari mmoja basi hiyo ni diski moja imegawanywa, na kukopi kutoka C kwenda D ni sawa na kutoa pesa mfuko wa kushoto ukaziweka wa kulia wa suruali ileile. Fundi hakukudanganya kabisa, D inasaidia Windows ikiharibika ikabidi C ifomatiwe, vitu vya D vinabaki. Lakini laptopu ikinyakuliwa stejini, ikimwagikiwa chai, ama stima ikirudi na nguvu ikaunguza bodi na diski, C na D zinaenda pamoja. Na kama ndani ni SSD, zile diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka, ujue hizo mara nyingi hufa ghafla bila ile kelele ya kuonya ambayo diski za zamani zilikuwa nayo.

Kwa hivyo badilisha hifadhi, chanzo chako acha hivyo. Kuna kanuni ya 3-2-1 ambayo ilienezwa na mpiga picha kama wewe, Mmarekani anaitwa Peter Krogh: nakala 3 za kila kitu ukihesabu ile unayofanyia kazi, kwenye aina 2 za hifadhi, na 1 ikae mbali na zingine. Kwako hiyo inamaanisha laptopu, diski ya nje ya hapo studio, alafu nakala ya tatu kwa klaudi, yaani hifadhi ya mtandaoni, ama diski nyingine ambayo haikai Ngara, ukilala Zimmerman nayo ilale Zimmerman. Na tafadhali, ile memori kadi ya kamera usiifomati mpaka picha ziwe zimeshaingia sehemu mbili, hata kama harusi ya kesho inakusukuma. Nunua kadi ya pili, bei yake haiwezi kulingana na kumpigia bibi harusi simu umwambie picha hazipo.

Mhasibu, Kirinyaga Road: Programu yetu ya bekapu ilikuwa inasema kila jioni imemaliza vizuri. Mashine ikafa mwezi jana, tukarudisha, Word na Excel zote zikaja lakini QuickBooks, programu yetu ya hesabu, hakuna kitu. Sasa ilikuwa inafaulu nini?

Pole sana dada, najua hiyo wiki ilikuwa ngumu. Programu ilifaulu kubeba kile ilichoambiwa ibebe, shida iko upande wa chanzo. Watu wengi siku ya kuseti wanaweka tiki Desktop, Documents na Pictures wanafunga, wakiamini kazi yote iko hapo. QuickBooks ya kompyuta kwa kawaida inaweka faili ya kampuni, ile inaishia na .QBW, ndani ya C:\Users\Public\Documents\Intuit\QuickBooks, na hiyo Documents ya Public si ile Documents yako ingawa jina ni moja. Usikisie lakini. Fungua QuickBooks, ingia kampuni yenu, bonyeza F2, itatokea dirisha yenye maelezo mengi na katikati ya hayo maelezo kuna njia kamili ya pahali faili iko. Iandike kwa karatasi, alafu uende kwenye programu ya bekapu uhakikishe hiyo folda imo. Fanya hivyo kwa kila mashine ya ofisi, juu mara nyingi unakuta mtu mmoja aliihamisha zamani akaiweka kwa Desktop ya mtu ambaye hata hafanyi kazi hapo tena.

Kuna jambo la pili. Faili ikiwa imefunguliwa na mtu, programu zingine za bekapu huiruka, ama zinaikopi ikiwa katikati ya kuandikwa na ikirudishwa haifunguki. Kwa hivyo kwa hesabu napendelea hatua mbili: QuickBooks yenyewe itengeneze bekapu yake, ile .QBB, iitupe kwa folda moja mnayoijua, tuseme saa kumi na moja na nusu jioni watu wakifunga, alafu saa moja usiku programu yenu kubwa ibebe hiyo folda iipeleke nje. Mkiwa hapo ongezeni pia AppData kama mnatumia Thunderbird kwa imeili, hiyo folda imefichwa na hakuna mtu huikumbuka.

Alafu muda wa kuweka. Nimeona ofisi zimeseti bekapu za siku 7 tu, ya nane inafuta ya kwanza. Sasa mtu akiharibu hesabu za mwezi wa tatu na mkagundua mwezi wa sita, bekapu zote mlizo nazo zimebeba uharibifu uleule. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inataka rekodi za ushuru ziwekwe kwa kawaida miaka 5, kwa hivyo wekeni za kila siku kwa mwezi mmoja, na moja ya kila mwisho wa mwezi isiguswe hiyo miaka yote.

Na mara moja kwa mwezi mtu akae chini achague faili moja ya hesabu, airudishe kwenye folda tofauti au mashine tofauti kabisa, aifungue, aangalie kama salio la benki ni lile. Maneno ya kijani ya kusema imefaulu yasikutulize kabla hujaona hiyo salio kwa macho yako.

Mwanafunzi wa uzamili, Kahawa West: Thesis yangu iko Google Drive na inajisinki na laptopu. Hiyo si bekapu tosha?

Ni nusu. Kusinki kunafanya pande mbili zifanane, na ukifuta ama ukiharibu upande mmoja, upande wa pili unafuata haraka sana. Ukifuta kitu Google Drive kinakaa kwenye takataka siku 30 alafu kinaenda kabisa. Pia angalia nafasi, zile GB 15 za bure zinatumika na Gmail na picha zako pia, zikijaa kusinki kunasimama na unaweza kuandika wiki mzima bila kujua. Kila Ijumaa kopi folda ya thesis kwenye flashi na uipe jina lenye tarehe, usiandike juu ya ile ya wiki iliyopita. Thesis nzima haiwezi kutegemea paswadi moja ya Google.

Muuza nguo mtandaoni, Umoja: Kuna flashi ya 2TB nimeiona mjini bei ya kutupa, naweza kuifanya hifadhi ya bekapu?

Usinunue mama, nakuomba. Hizo nyingi ndani ni chipu ndogo imefanyiwa ujanja ijitangaze kwa kompyuta kama kubwa. Utaweka picha za stoku na zitaonekana zimeingia, majina yote yako pale, lakini nafasi ya kweli ikishajaa zile zinazofuata zinaandikwa juu ya zingine ama haziendi popote, na hutajua mpaka siku ya kuzifungua. Kama ushainunua kuna programu ya bure ya Windows inaitwa H2testw, inajaza flashi yote alafu inasoma tena kuona kama ilichoandika kipo, inachukua muda mrefu lakini majibu yake ni ya kuaminika. Ifanye kabla hujaweka kitu. Na ukipata flashi halali ikikataa faili kubwa wakati nafasi iko, pengine imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuweka faili ambao haupokei faili moja inayofika GB 4. Ifomati upya kwa mpangilio wa exFAT, ila ujue kufomati kunafuta kila kitu ndani.

Mhariri wa video, Donholm: Niliseti bekapu ya GB 400 kwenda klaudi kwa faiba ya nyumbani, siku ya nne sasa na bado. Imekwama?

Pengine haijakwama, piga hesabu kwanza. Mwendo wa kupandisha ukiwa Mbps 10, yaani megabiti 10 kwa sekunde, hiyo ni MB 1.25 kwa sekunde, yaani kama GB 4.5 kwa saa, na GB 400 zitakula karibu saa 89 bila kupumzika. Hizo ni siku 4 kasoro, na hapo laptopu haijalala hata kidogo, wala stima haijapotea, wala watoto hawajawasha katuni. Zima kwanza ile seti ya laptopu kulala ikiwa imechomekwa charji. Ikishamaliza mara ya kwanza, programu nyingi zinapandisha tu vilivyobadilika, kwa hivyo siku zinazofuata ni kidogo.

Lakini mimi ningepunguza chanzo. Video mbichi zipeleke kwa diski mbili za nje, moja ikae kwa ndugu yako. Klaudi uipe faili za projekti na video zilizokamilika, hizo ndo umekesha usiku kuzitengeneza. Toa folda za kashi, yaani faili za muda, za programu ya kuhariri, zinajaa GB nyingi na zinaweza kutengenezwa upya zenyewe. Na usiku ukitumia bando ya simu hakikisha bekapu imezuiwa kwa huo mtandao, ama utaamka bando imeisha.

Msimamizi wa kliniki, Eastleigh: Diski ya nje imechomekwa kwa kompyuta ya mapokezi wakati wote na kila usiku inajibekapu yenyewe. Kuna ubaya?

Uko na nidhamu kuliko wengi na naheshimu hilo, lakini ubaya uko. Kuna virusi vinavyofunga mafaili alafu vinadai pesa. WannaCry ya Mei 2017 iliingia hadi hospitali za Uingereza, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Virusi vya aina hiyo havifungi tu vilivyo ndani ya kompyuta, vinapita kila diski inayoonekana pale, na yako inaonekana saa zote. Mwizi pia akibeba kompyuta ataona diski imening'inia hapo na ataichukua.

Nunua ya pili. Moja inabekapu wiki hii, nyingine imefungiwa nje ya kliniki, Jumatatu asubuhi mnabadilishana. Hapo kuna kitu kinasumbua watu: Windows inaweza kuipa diski ya kwanza herufi E na ya pili F, sasa programu inatafuta E haioni, bekapu inaruka wiki na hakuna anayejua. Ingia ileile Disk Management niliyomwambia wa Ngara, chomeka diski ya kwanza, kliki kulia uipe herufi R, itoe. Chomeka ya pili, ipe R pia. Hazitakaa pamoja kwa mashine kwa hivyo hazigombani, lakini kila mkibadilishana angalia iliyochomekwa imekaa R, juu Windows inaweza kuipa herufi nyingine tena.

Alafu hizo ni rekodi za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu kama data nyeti, na zikivuja kwa njia ya kuwaletea wenyewe hatari ya kweli mnatakiwa mumjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu mjue. Diski inayosafiri kwa begi kila Jumatatu lazima iwe imefungwa kwa msimbo. Windows ya Pro ina BitLocker ya kufungia diski, ya Home huwezi kufungia diski nayo, tumia VeraCrypt, ni ya bure. BitLocker itakupa funguo ya tarakimu 48 ya kuokolea, iprinti nakala mbili, moja kwa daktari mkuu na moja kwa sefu, wala usiihifadhi kwenye ile kompyuta ya mapokezi. Ukiipoteza na paswadi imesahaulika, diski itakuwa na rekodi zote na hakuna fundi wa Luthuli Avenue atakayeifungua.

Mtafsiri, South B: Natumia Mac na Time Machine, programu yake ya bekapu, imeniambia imefuta bekapu za zamani zaidi. Nimepoteza kazi?

Kazi iliyoko kwa Mac saa hii hujapoteza. Time Machine inaweka bekapu za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi mmoja, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma, mpaka diski ijae, alafu inaanza kutoa za zamani ipate nafasi. Shida ni kwa vitu ulivyofuta kwa Mac mwaka jana ukijiambia viko Time Machine, hivyo vinaweza kuwa vimeenda. Kazi za wateja wa zamani zitoe uziweke kwa diski yake peke yake, na ukinunua diski mpya ya Time Machine chukua yenye nafasi mara mbili ya Mac yako ama zaidi.